Ini Gumu: Toka Mkono wa Mganga Hata Mwangwi wa Sauti



Katika vijiji vyetu vya Kasongo na Kabambare, ni wachache wasiopata kuuona ugonjwa huu. Mtu mzima, mwenye nguvu zake, anaanza kukonda mikono na mapaja. Macho yanageuka manjano. Tumbo linavimba, linajaa maji, mpaka ngozi inang'aa. Jamaa wanakusanyika kwa shauri. Wachache huuliza, "Ni ugonjwa gani?" Wengi huuliza, "Ni nani aliyemfanyia?" Na jina hupatikana upesi: mjane asiye na mtetezi, mke mwenza, ndugu waliyegombana naye juu ya shamba, jirani aliyemkaribisha pombe mwezi uliopita. Mgonjwa anakufa, na baada ya maziko mtu mwingine anafukuzwa kijijini pamoja na watoto wake.

Makala hii haitaki kumcheka mtu. Inataka kusimulia namna waganga wa nchi mbalimbali, kwa muda wa miaka zaidi ya 2000, walivyotafuta njia ya kujua kama ini la mtu aliye hai ni laini au limekuwa gumu. Leo kuna mashine inayolipima kwa sauti, bila kisu wala sindano. Lakini hata asiyeiona mashine hiyo maishani mwake atapata faida akiifahamu historia yake, maana imetufundisha neno moja kubwa: ini haligeuki gumu kwa siku moja, wala kwa mwezi mmoja.

Mkono na sikio

Ini limelala upande wa kuume, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima uzito wake ni kama kilo moja na nusu. Likiwa zima ni laini, wala mkono haulisikii sana. Likiumizwa kwa muda mrefu, nyama yake hujaa makovu, kama vile ngozi ya mkono ilivyo na kovu mahali ilipokatwa na panga. Kovu haliwezi kufanya kazi ya nyama. Tena linaibana mishipa ya damu ipitayo ndani ya ini. Ndipo maji huanza kujikusanya tumboni.

Wagiriki wa kale walijua jambo hili kwa sehemu. Katika vitabu vilivyoandikwa kwa jina la Hipokrate, mganga anashauriwa aweke mkono chini ya mbavu za mgonjwa na kusikia kama mahali pale ni laini au pagumu, maana ugumu ulikuwa dalili mbaya. Kwa karne nyingi hapakuwa na njia nyingine.

Mwaka 1761 mganga mmoja wa Vienna, Leopold Auenbrugger, alitoa kitabu kidogo cha kueleza namna ya kugonga kifua kwa ncha za vidole na kusikiliza mlio wake. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba kijana alijifunza pale, maana mwenye mvinyo huligonga pipa ili ajue limejaa mpaka wapi. Sisi tunaoipiga ngoma ya mti hatushangai: kitu kilicho kitupu na kitu kilichojaa havilii namna moja.

Baadaye akaja Mfaransa René Laennec. Mwaka 1816 alibuni chombo cha kusikiliza kifua, ambacho watoto wake twakiona leo shingoni mwa kila daktari. Mwaka 1819, katika kitabu chake kikubwa, alilipa ini lenye makovu jina lake la kitaalamu, sirosisi, kutokana na neno la Kigiriki la rangi ya manjano-kahawia. Angalieni alilionea wapi ini lile: katika maiti iliyopasuliwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa taabu ya zamani zile. Ukweli ulipatikana, lakini ulipatikana mtu amekwisha kufa.

Sindano

Waganga wakataka kuliona ini mtu akiwa hai. Mwaka 1883 Mjerumani Paul Ehrlich alichoma sindano ndani ya ini la mgonjwa na kutoa kipande kidogo cha nyama. Njia hiyo ilikuwa ya hatari, ikaenea polepole. Mwaka 1958 Mwitaliano Giorgio Menghini alieleza sindano iliyofanya kazi yake ndani ya ini kwa muda wa sekunde moja tu. Tangu hapo hospitali nyingi kubwa ziliitumia.

Walakini sindano ina mipaka yake. Yaweza kutoa damu ndani ya tumbo. Tena kipande kinachotolewa ni kidogo mno, kama sehemu moja katika 50,000 ya ini lote. Ukichota punje chache za mpunga pembeni mwa gunia, huwezi kuapa kwamba gunia zima ni zima. Na nani atakubali kuchomwa sindano ya namna hiyo kila mwaka, hali hasikii maumivu yoyote?

Sauti isiyosikika

Njia mpya ilitoka mahali ambapo hakuna mganga aliyepatazamia. Mwaka 1880, huko Paris, ndugu wawili, Jacques na Pierre Curie, waliona kwamba mawe fulani yang'aayo, yakibanwa, hutoa umeme kidogo. Mwaka uliofuata ilionekana kwamba kinyume chake ni kweli pia: ukilipa jiwe hilo umeme, linatikisika. Likitikisika upesi sana, linatoa sauti ambayo sikio la mtu haliisikii, maana sisi hatusikii mtikisiko upitao mara 20,000 kwa sekunde moja. Wakati wa vita ya 1914-1918 Mfaransa Paul Langevin alitumia mawe hayo kutuma sauti majini na kupokea mwangwi wake, ili kutafuta manowari za adui zilizojificha chini ya bahari.

Chombo cha vita kikageuzwa chombo cha uponyaji. Mwaka 1958 Ian Donald, mganga wa wanawake wa Glasgow, pamoja na wenzake John MacVicar na Tom Brown, walitoa katika gazeti la waganga liitwalo Lancet habari za kutazama tumbo kwa mwangwi wa sauti. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo mwanamke aliyevimba tumbo, ambaye waganga walidhani ana kansa isiyoweza kutibiwa. Mwangwi ulionyesha si kansa, bali ni mfuko mkubwa wa maji uliotoka katika kifuko cha mayai. Akapasuliwa, mfuko ukatolewa, akapona. Hapo twaona kwamba hata waganga wenye elimu, wakilitazama tumbo kwa nje tu, huweza kutoa hukumu isiyo ya kweli.

Mashine hiyo ndiyo tunayoiita ekografia, na mama wengi wanaijua kwa sababu ya mimba. Lakini ekografia ya kawaida huonyesha umbo. Ugumu haiuonyeshi vema. Maini mawili yaweza kufanana katika picha, na moja likawa laini, la pili limeanza kukakamaa.

Namna ugumu unavyopimwa

Mwaka 1991, huko Houston katika Marekani, Jonathan Ophir na wenzake walieleza njia waliyoiita elastografia. Walipiga picha ya mwangwi, wakaibonyeza nyama kidogo, kisha wakapiga picha ya pili. Palipo laini pamebonyea, palipo pagumu hapakubonyea. Ni akili ile ile ya mama sokoni anayebonyeza parachichi kabla ya kutoa fedha zake, ila yeye hubonyeza ganda, nao walibonyeza kilicho ndani. Njia hii ilisaidia hasa katika kuchunguza uvimbe wa maziwa ya wanawake, maana mara nyingi uvimbe wa kansa ni mgumu kuliko nyama iliyouzunguka.

Kwa ini ilihitajika hesabu iliyo sawasawa. Hiyo ilipatikana Paris, katika kazi za Mathias Fink na wanafunzi wake. Mwaka 2003 Laurent Sandrin na wenzake walitangaza chombo kilichofanyizwa kwa ajili ya ini, nacho kikaenea katika dunia kwa jina la FibroScan.

Kazi yake ni hivi. Mgonjwa hulala chali, mkono wa kuume umewekwa chini ya kichwa. Muuguzi huweka kichwa cha chombo kati ya mbavu mbili. Chombo hugonga ngozi mara moja, polepole, kama mtu anayebisha mlango kwa ncha ya kidole. Ule mgongo unatuma wimbi ndani ya ini. Nyuma yake inafuata sauti isiyosikika, ambayo ni ya upesi mno, nayo inalipiga wimbi lile picha nyingi na kupima mwendo wake.

Kwa nini mwendo? Funga kamba katika mti, uishike mwisho wake, uitikise. Kamba ikilegea, mtikisiko unakwenda pole. Ukiivuta ikakaza, mtikisiko unakimbia. Nyama nayo ni hivyo hivyo. Katika ini zima wimbi linakwenda kama meta 1.3 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu aendaye shambani bila haraka. Katika ini lililojaa makovu laweza kwenda meta 2.6, mwendo wa mtu anayekimbia. Na kipimo cha juu kabisa cha chombo kile ni meta 5 kwa sekunde, mwendo wa baiskeli. Mwendo ukizidi mara 2, ugumu umezidi mara 4.

Ugumu huandikwa kwa kipimo kiitwacho kilopaskali. Ini zima huwa karibu na 5. Katika maagizo yake ya mwaka 2024 juu ya homa ya ini ya aina B, Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema kwamba kipimo kinachozidi 7 ni dalili ya makovu ya kweli, na kinachozidi 12.5 ni dalili ya sirosisi. Hupimwa mara 10, ikachukuliwa hesabu ya katikati. Kazi yote ni ya dakika chache, wala hakuna damu inayomwagika.

Chombo nacho chaweza kukosea

Aliyekula chakula muda mfupi kabla ya kupimwa ataonekana ini lake ni gumu kuliko lilivyo. Ndiyo maana huagizwa akae bila kula kwa saa 3. Moyo uliochoka, nao ukiacha damu ijikusanye katika ini, huongeza ugumu. Mwili mnene hulizuia wimbi.

Na kuna kizuizi kimoja cha kutiwa moyoni. Wimbi la namna ile haliwezi kupita katika maji. Kwa hiyo, mgonjwa ambaye tumbo lake limekwisha kujaa maji, chombo kile cha ini hakina la kumwambia. Kwake yeye, mkono na jicho vyatosha. Chombo kimefanyizwa kwa ajili ya mtu anayetembea, anayelima, anayecheka, wala hajui kwamba ndani yake makovu yanajengwa. Na watu wa namna hiyo ni wengi.

Habari za Rakai

Kuna mahali si mbali sana nasi ambapo jambo hili limeonekana wazi. Rakai ni wilaya ya kusini mwa Uganda, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, iliyoteswa mapema na UKIMWI. Huko waganga wa Uganda na wa Marekani waliwapima kwa chombo hicho watu 1000 wa vijijini: 500 wenye virusi vya UKIMWI na 500 wasio navyo. Habari zao zilitolewa mwaka 2011. Kati ya wenye virusi, 17 katika kila 100 walikuwa na makovu ya ini. Kati ya wasio navyo, walikuwa 11 katika kila 100.

Hesabu hii ya pili ndiyo ya kutushangaza: watu 11 katika 100, wanakijiji wa kawaida. Waganga wakatazama ni watu gani waliozidi kuwa na ini gumu. Wakaona walevi wa pombe nyingi, wavuvi, wenye homa ya ini ya aina B, na waliotumia dawa za mitishamba. Si kwamba kila jani ni sumu, wala kupatikana pamoja si ushuhuda kamili kwamba hili limeleta lile. Lakini mtu mwenye busara akiona moshi huenda kutazama.

Maniema yetu na mnyoo wa majini

Katika Maniema kuna sababu nyingine ya kuogopwa: kichocho cha tumbo, kiitwacho pia bilharzia, kwa jina la Mjerumani Theodor Bilharz aliyemwona mnyoo wake huko Cairo mwaka 1851. Konokono wadogo wa majini huwatoa vijidudu, navyo hupenya ngozi ya mtu aogaye, afuaye, avuaye samaki, au asimamaye majini kutafuta dhahabu, kama wafanyavyo vijana wetu wa upande wa Salamabila. Minyoo hukaa katika mishipa ya tumbo. Mayai yao huchukuliwa na damu mpaka katika ini, na kila yai huacha kovu dogo. Mwaka 1904, huko Misri, mganga Symmers alilikata ini la namna hiyo akaona makovu meupe yaliyozunguka mishipa, akasema ni kama mirija ya kiko cha udongo iliyochomekwa ndani ya nyama.

Wataalamu wameandika juu ya ugonjwa huu katika Maniema yenyewe, zamani nchi yetu ilipoitwa Zaire. Polderman na Manshande waliandika mwaka 1981 kwamba kuwapa dawa watu waliochaguliwa tu hakukutosha kuuzuia. Mwaka 1987 Gryseels na Polderman walitoa uchunguzi juu ya madhara yake katika miili ya watu wa Maniema. Basi hakuna awezaye kusema kwamba ugonjwa huu ni wa nchi za mbali.

Katika kichocho, chombo cha kupima ugumu chaweza kudanganya, maana makovu hufuata mishipa, na nyama iliyo katikati yao hubaki laini. Hapo ekografia ya kawaida, ile ya picha, inafaa zaidi. Kwa ajili hiyo wataalamu walikutana Niamey mwaka 1996 kupatana namna moja ya kuzisoma picha hizo. Kila chombo kina kazi yake. Jembe halikati mti.

Yaliyo karibu nasi

Labda msomaji atasema: "Chombo hicho ni cha bei kubwa, kinataka umeme na fundi. Sisi wa Kabambare kitatufaa nini?" Neno lake ni la haki. Lakini tukumbuke jambo lililotokea hapa kwetu. Mwaka 1971 wataalamu wa Chuo cha Magonjwa ya Nchi za Joto cha Antwerp, Ubelgiji, walianza pamoja na watu wa hapa kazi iliyojulikana kwa jina la Mradi wa Kasongo. Sifa yake haikutoka katika mashine. Ilitoka katika kituo cha afya kilicho karibu na watu, muuguzi anayewajua wagonjwa wake, karatasi inayohifadhi habari za kila mmoja, na hospitali ya kuwapokea walio wazito. Miaka ya 1980 nchi nzima iligawanywa katika zoni za afya, na mafundisho ya Kasongo yalikuwa miongoni mwa yale yaliyoonyesha njia.

Basi kituo cha afya chaweza kufanya mengi kabla ya mashine kufika. Choo cha mgonjwa hutazamwa kwa darubini, mayai ya kichocho yakaonekana. Dawa yake, prazikwanteli, hunywewa kwa siku moja, ingawa anayerudi katika maji yale yale huweza kuambukizwa tena. Homa ya ini ya aina B hujulikana kwa tone la damu. Chanjo yake imo katika sindano ya pamoja wapewayo watoto wachanga wakiwa na wiki 6, 10 na 14. OMS yenyewe inakubali kwamba mahali pasipo na chombo cha ugumu, ini lapimwa kwa hesabu ya damu, kwa kulinganisha kiasi cha dutu moja ya ini na chembe ndogo zinazogandisha damu. Na habari njema ni hii: sababu ikiondolewa mapema, ini lililoanza kukakamaa laweza kulainika tena kwa sehemu. Mwenye virusi vya aina B apate dawa yake, mwenye minyoo atibiwe, mnywaji wa lotoko aiache.

Tusikilize pia neno ambalo vipimo vyote vinatuambia. Makovu ya ini hujengwa kwa miaka, mara nyingi miaka zaidi ya 10. Mtu ambaye tumbo lake limejaa maji mwaka huu, ugonjwa wake ulianza pengine alipokuwa kijana akioga mtoni, au siku alipozaliwa na mama mwenye virusi bila mtu kujua. Basi kikombe cha pombe cha mwezi uliopita kingewezaje kuyajenga makovu ya miaka 10? Mjane aliyehamia kijijini mwaka jana angeyaletaje?

Wazee wa familia na wakubwa wa vijiji, mgonjwa wa namna hii akitokea kwenu, jina la mtu lisitajwe kabla hajafikishwa hospitali. Kisha wapelekeni wale waliokula naye, waliooga naye, ndugu zake na watoto wake, wakapimwe damu na choo hali wangali na nguvu. Yeye labda hatapona. Lakini kati yao yupo ambaye ini lake ndilo kwanza linaanza kukakamaa, na huyo bado ana miaka mbele yake ya kuponywa.